Hewa Ndani ya Maji: Ipi Uiache, Ipi Uitolee Pesa

Duka la vifaa vya maji lina jibu kwa kila kiputo. Lina chujio la kufunga jikoni, lina valvu ya kutoa hewa, lina pampu ya kuongeza msukumo, na siku hizi halikosi kile kifaa cha kufunga karibu na mita ambacho muuzaji anaapa kitashusha bili kwa nusu. Vyote vina bei, na vyote huuzwa kwa mtu ambaye bado hajajua hewa yake imetoka wapi. Hapo ndipo pesa inapopotelea. Hewa ya kwenye maji ni ya namna mbili: ile iliyoyeyuka ndani ya maji na kujitokeza yakifika kwenye glasi, na ile iliyoingia bombani ikiwa hewa tupu. Ya kwanza haihitaji hata shilingi kumi. Ya pili inaweza kukuunguzia koili ya hita, kukuulia pampu na kukuongezea bili, lakini hata hiyo mara nyingi huondoka kwa kipande cha bomba na fundi anayejua mteremko.

Tuanze na ya bure. Maji yakitoka kwenye koki meupe kama tui, jaza glasi safi, iweke mezani, uitazame. Weupe ukianza kuondoka chini ukapanda juu, na glasi nzima ikawa angavu ndani ya dakika moja au mbili, hiyo ni hewa na shauri limekwisha. Kiputo chenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita hupanda kama nusu sentimita kwa sekunde. Chenye nusu ya upana huo hupanda milimita moja na ushee tu, kwa hiyo kuvuka glasi ya kina cha sentimita 10 kunakichukua zaidi ya dakika. Weupe ukishuka badala ya kupanda na kutuama chini, si hewa, ni chokaa au udongo laini. Na ikiwa juu limebaki povu lisilovunjika, fikiria sabuni au uchafu mwingine, na maji hayo usiyanywe kabla hayajapimwa.

Wengi huona weupe ule wakasema ni dawa imezidi. Klorini kwa kiwango cha maji ya kunywa ina harufu, haina rangi. Ukinusa dawa na ukaona weupe kwa pamoja, umekutana na mambo mawili tofauti kwa wakati mmoja.

Chanzo chake kilielezwa mwaka 1803 na Mwingereza William Henry: kadiri unavyoyakandamiza maji, ndivyo yanavyobeba gesi zaidi. Ndani ya bomba la mtaa maji yako kwenye msukumo; ukifungua koki msukumo unaanguka, na hewa iliyokuwa imeyeyuka inatoka kwa vijiputo vidogo mno ambavyo jicho huviona kama weupe. Joto nalo lina sehemu yake. Lita moja ya maji ya nyuzi 5 inaweza kubeba karibu miligramu 12.8 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.6 tu. Ndiyo maana glasi ya maji ya friji ikikaa mezani mchana wa Dar es Salaam huota viputo ukutani, hasa penye mikwaruzo, kwa kuwa kiputo hupenda kuanzia mahali penye ufa au vumbi. Kanuni hiyohiyo ya Henry inaendesha mtambo wa KivuWatt huko Rwanda tangu 2016. Maji huvutwa kutoka kina cha takriban mita 350 za Ziwa Kivu, msukumo unapungua yakipanda, gesi inachomoka yenyewe, na methani yake inazalisha umeme wa megawati 26. Glasi yako haina methani, lakini sheria ni ile ile.

Kwa weupe wa namna hii, gharama sahihi ni sifuri. Subiri dakika mbili, kunywa. Ukiona unatokea kwenye koki moja tu na nyingine hazina, fungua kile kichujio cha wavu kilicho mdomoni mwa koki. Koki nyingi za kisasa zimewekewa wavu huo makusudi uchanganye maji na hewa, ili maji yaonekane mengi huku yakitumika machache. Uoshe mchanga ulionasa, urudishe. Ukiutoa kabisa weupe utapungua na matumizi ya maji yatapanda, kwa hiyo mimi ningeuacha.

Chujio la jikoni haliondoi hewa. Kwanza linaiongeza, kwa sababu maji yakipenya kwenye chujio hupoteza msukumo na kuachia gesi, na chujio jipya lenyewe huwa limejaa hewa ambayo itatoka kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Nunua chujio kwa ajili ya tope, ladha au vijidudu, kulingana na aina yake. Ukilinunua kwa ajili ya viputo umelipia ulichokuwa ukikikimbia.

Kuchemsha je? Kunaondoa hewa kweli. Vile viputo vidogo vinavyoshika kuta za sufuria mapema, kabla maji hayajaanza kutokota, ni hewa inayokimbia joto. Vikubwa vinavyofuata ni mvuke. Kuipandisha lita moja kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji karibu sehemu moja ya kumi ya yuniti ya umeme kwa birika zuri. Kwa bei ya kundi T1 ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, shilingi 292 kwa yuniti, ambayo kodi na tozo huifikisha kama 356, hiyo ni shilingi 36 kwa lita. Kuchemsha kwa ajili ya kuua vijidudu ni pesa iliyotumika vizuri. Kuchemsha kwa ajili ya viputo ni mchezo, maana maji yakipoa yanaanza upya kuvuta hewa ya chumbani. Hata ile ladha ya kupooza ya maji yaliyochemshwa inatokana kwa sehemu na hewa kutoweka, na dawa yake ni kuyamimina kutoka chombo hadi chombo kwa mbali, kama muuza chai anavyofanya, ili uirudishe hewa uliyoilipia kuitoa.

Mita inapohesabu upepo

Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa, na penye wauzaji wengi. Miji yenye mgao inajua sauti ile: koki inakohoa, inapuliza, inatema maji ya kahawia, kisha inatulia. Nairobi imekuwa na ratiba ya mgao tangu Januari 2017. Dar es Salaam iliingia kwenye mgao mkali Oktoba 2022 mto Ruvu uliposhuka. Maji yakikatwa, mabomba ya mtaa humwagika kupitia nyumba za mabondeni, na hewa inaingia kuchukua nafasi. Yakirudi, maji huisukuma hewa hiyo mbele yake, nayo hutokea kwa yeyote aliyeacha koki wazi au ambaye boya la tangi lake limeshuka. Mita ya kawaida ya mtaani ina kigurudumu kinachozungushwa na kinachopita. Haina akili ya kujua kama kilichopita ni maji au upepo.

Kwa hiyo malalamiko ni ya kweli. Swali la mnunuzi ni ukubwa wake, na hapo hesabu inasaidia kuliko hasira. Bomba la mtaa la milimita 50 kwa ndani, lenye urefu wa mita 200, linabeba lita 393. Likikauka lote, lina lita 393 za hewa za kugawana. Tuchukulie yuniti moja ya maji, yaani lita 1,000, ni shilingi 1,700. Wewe weka bei iliyo kwenye bili yako. Nyumba 20 zikigawana hewa hiyo sawasawa, kila moja inabeba karibu lita 20, yaani shilingi 34 kwa kila maji yanaporudi. Mgao ukiwa wa mara mbili kwa wiki, ni chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Bomba linalokuletea maji kutoka mtaani hadi kwenye mita, hata likiwa la mita 50, ni lita 16 hivi, shilingi 27.

Lakini hewa haigawanyiki sawasawa. Inapanda. Nyumba iliyo kileleni au mwisho wa laini inaweza kupokea lita zote 393 peke yake: shilingi 668 kwa mkupuo, na kwa mara nane karibu shilingi 5,300 kwa mwezi. Bomba likiwa kubwa zaidi, tuseme la milimita 100 kwa kilomita moja, linabeba lita zaidi ya 7,800, na hapo anayekaa kilimani ana kesi ya kupeleka mbele. Mwenye nyumba ya katikati ya mtaa anayelalamika bili imepanda mara mbili kwa sababu ya hewa, kwa hesabu hii, atafute kwanza choo kinachovuja.

Kuna jambo muuzaji halisemi. Ule weupe kwenye glasi hauongezi bili hata kidogo. Hewa hiyo ilipita kwenye mita ikiwa imeyeyuka ndani ya maji, haikuchukua nafasi yoyote ya kuhesabika, ikajitokeza baadaye kwenye koki. Inayohesabiwa ni ile inayopuliza kabla ya maji kufika. Kwa hiyo anayekuonyesha glasi nyeupe kama ushahidi wa kununua kifaa chake anakuuzia dawa ya ugonjwa usio wako.

Na kifaa chenyewe? Kikifungwa baada ya mita, hewa imeshapita kwenye mita. Kuitoa hapo hakurudishi chochote. Vipo vyenye springi ya kuzuia, ambavyo hupunguza kasi ya upepo msukumo ukiwa mdogo, lakini huzuia na maji pia, na kwenye mtaa wenye msukumo hafifu utajikuta tangi halijai. Kikifungwa kabla ya mita kingeweza kufanya kazi ya maana, ila sehemu hiyo ni mali ya mamlaka ya maji, ina lakiri, na kuigusa ni kosa. Kwa hiyo chaguo linalofaa haliruhusiwi na linaloruhusiwa halifai. Mimi singekinunua.

Njia ya bure ipo: funga koki iliyo baada ya mita maji yanapokatika, fungua ukishahakikisha jirani anapata maji. Hewa itatafuta pengine pa kutokea. Ubaya wake unaonekana, maana pengine hapo ni kwa jirani na bili ni ya jirani, na mtaa mzima ukifanya hivyo hewa itabaki imenywea bombani ikimsubiri wa kwanza kufungua. Uzuri wake ni kwamba unazuia pia maji machafu. Bomba lililokatika maji huvuta ndani chochote kilicho kwenye nyufa zake, na maji ya kwanza baada ya mgao ndiyo yenye uchafu huo. Yaache yapite kwanza, yatumie kumwagilia au kuoshea baraza.

Valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, ile ndogo ya shaba, ni ununuzi mzuri zaidi kwa nyumba ya mgao. Inaweka bomba lako la ndani likiwa limejaa, kwa hiyo hewa ya kusukuma inapungua, na maji ya nyumbani hayarudi mtaani. Wapo watakaokuambia inakupunja, kwa sababu mita nyingi hurudi nyuma maji yakikimbia na hivyo kukupunguzia hesabu. Ni kweli, ila lita hizo ni chache.

Ufumbuzi wenyewe ni valvu za hewa kwenye vilele vya bomba kuu, na hiyo ni kazi ya mamlaka, si yako. Unachoweza kufanya ni kuwalazimisha waione. Piga picha mita kabla maji hayajarudi, rekodi video inapozunguka huku koki ikitoa upepo, piga picha tena maji yakitulia, andika tarehe na saa. Fanya hivyo mwezi mzima na majirani wawili watatu, kisha peleka barua. Ukikaa bila jibu, nenda kwa mdhibiti wa huduma za maji: Tanzania kuna EWURA na Kenya kuna WASREB. Gharama yake ni chaji ya simu na uvumilivu. Unaweza pia kuomba mita ipimwe, lakini uliza ada kwanza, na ujue kwamba mita nzima kabisa nayo huhesabu hewa. Kipimo hakitakupa ushindi kwenye jambo hili. Mahali ambapo mamlaka inabadilisha mita na kufunga zile za mawimbi ya sauti zisizo na kigurudumu, usizikatae, kwa kuwa hazizungushwi na upepo.

Tangi limejaa, shawa inadondosha

Sasa ndani ya nyumba. Tangi limejaa juu ya mnara, koki ya bafuni inatoa uzi. Fundi wa kwanza atakayekuja atatazama juu, atatazama koki, atasema, "Bosi, hapa ni pampu tu." Huenda yuko sahihi. Lakini mara nyingi bomba limenasa hewa, na pampu ni njia ghali ya kupambana na upepo.

Mita 10 za kimo cha maji hutoa msukumo wa baa moja. Tangi lenye kitako mita 3 juu ya ardhi na shawa iliyo mita 2 vinatofautiana mita moja tu, yaani sehemu moja ya kumi ya baa. Bomba likipanda na kushuka njiani, hewa hujikusanya kwenye kila kilele. Kila sentimita ya hewa iliyosimama kwenye mteremko hula sentimita moja ya kimo chako, kwa hiyo nundu moja ya sentimita 60 imekula zaidi ya nusu ya ulichonacho. Nundu mbili, shawa imekufa. Nyumba za mijini zina nundu nyingi kwa sababu fundi alipandisha bomba juu ya dirisha, akalishusha, akalipandisha tena juu ya mlango.

Jaribio la kwanza ni mpira wa bustani. Unganisha koki inayopata maji ya mtaa yenye msukumo mzuri na koki iliyogoma, fungua zote mbili kwa nusu dakika. Maji ya mtaa yanasukuma hewa kurudi kwenye tangi. Fanya hivyo maji ya mtaa yakiwa na nguvu tu, la sivyo utamwaga tangi lako mtaani. Kwenye koki ya mchanganyiko wa moto na baridi, ziba mdomo kwa kiganja na fungua pande zote mbili: upande wenye nguvu unasukuma upande ulionasa. Hewa isiporudi kwa miezi, umemaliza. Ikirudi kila tangi linapokauka, kuna jambo la kujenga.

Hapo uchaguzi ni kati ya bomba la kupumulia na valvu ya kutoa hewa yenyewe, na watu huchagua kwa bei ya dukani wakati tofauti iko kwenye msukumo. Bomba la kupumulia ni tii moja kwenye kilele cha bomba, kipande kinachopanda juu kupita usawa wa maji ya tangi lililojaa, na kona mbili za kuelekeza mdomo chini pamoja na kitambaa cha wavu kuzuia wadudu. Halina kinachotembea, halizibi, halichakai. Kwa nyumba ya chini inayotegemea tangi na mteremko, ndilo la kununua. Vifaa vyake vinakaa kwenye mfuko mmoja wa plastiki na kazi ni ya nusu siku. Kwenye ghorofa linalosukumwa na pampu halifai, kwa kuwa maji yangeruka nje kama chemchemi. Huko ndiko kunakohitaji valvu ya kutoa hewa, lile kopo la shaba lenye kiboya ndani. Ni ghali zaidi, na ina masharti: isimame wima, iwe kileleni kabisa, na chini yake iwepo koki ya kuifunga ili iweze kusafishwa. Chokaa na mchanga huifanya idondoke. Ukiifunga kwenye nyumba ya tangi la mita 3 huenda isifunge vizuri kwa kukosa msukumo wa kuibana, na utakuwa umenunua uvujaji.

Kubadilisha njia ya bomba lote ndiyo dawa kamili na ndiyo inayouma. Bomba la PPR lililo nje ya ukuta linabadilishwa kwa siku moja. Lililofukiwa chini ya vigae linabadilishwa kwa gharama ya vigae. Kama unajenga sasa hivi, huu ndio wakati wa kusimama na fundi na kumwambia bomba lishuke tangini moja kwa moja na liendelee kushuka, bila kupanda popote. Sasa hivi hiyo ni amri ya mdomo, haina gharama.

Pampu, kwa haki yake, si ghali kuiendesha. Pampu ndogo ya nusu HP hula karibu yuniti 0.55 kwa saa. Ikisukuma lita 25 kwa dakika, lita 1,000 zinachukua dakika 40 na kama shilingi 130 za umeme. Familia ya lita 400 kwa siku inatumia chini ya shilingi 1,600 kwa mwezi. Kinachogharimu ni kuinunua, ikufie, uinunue tena, na siku umeme ukikatika unarudi kwenye uzi uleule, kwa sababu hewa bado iko pale. Kuinua mnara kutoka mita 3 hadi 5 kunaigeuza mita moja ya kimo kuwa tatu, na mvutano wa dunia haukatiki. Ila kumbuka tangi la lita 2,000 likijaa lina tani mbili, na chuma cha mnara kikipimwa kwa macho kinaweza kuja sebuleni. Kwa mwenye nyumba yake ningeshauri mnara. Kwa mpangaji, pampu, kwa sababu akihama anaibeba.

Hita na pampu zinazokufa mapema

Shawa ya umeme ya papo kwa papo ndiyo inayolipa deni la hewa kuliko kifaa kingine. Koili yake imetengenezwa iwe imezama. Maji ndiyo yanayoibebea joto; hewa haiwezi. Mgao ukiisha na bomba likaanza kukohoa, mtu anawasha switchi kwanza, anafungua maji baadaye, na ndani ya sekunde chache koili imekatika. Kisha anamlaumu mtengenezaji. Fungua maji kwanza shawa ikiwa upande wa baridi, subiri hadi yatoke bila kutema, ndipo uwashe. Huo ni ulinzi wa bure. Wa kulipia ni kuilisha shawa kutoka kwenye tangi badala ya bomba la mtaa, jambo linalohitaji mita chache za bomba, na ambalo kwa nyumba ya mgao hujilipa kwa koili mbili tatu. Ilimradi kimo kitoshe: angalia kwenye karatasi ya shawa msukumo wa chini inaoutaka kabla hujanunua, kwa sababu nyingine hazitawaka kwa mita moja ya kimo.

Mwenye hita ya jua juu ya paa ana kisa tofauti kidogo. Maji yakipashwa huachia hewa, hewa inapanda kwenye bomba la juu kabisa, na mzunguko unasimama. Maji yanachemka juu huku bafuni yakiwa baridi. Hapo pia bomba la kupumulia linatosha, na aliyeliziba ili lisitoe mvuke ndiye aliyeleta tatizo.

Kwa pampu inayovuta kutoka kisimani au kwenye tangi la chini ya ardhi, hewa huingilia upande wa kuvuta. Shida ni kwamba upande huo hauvuji maji, unavuta hewa ndani, kwa hiyo jicho halioni kitu. Pampu inaguna, maji yanatoka kwa vipande, mita ya presha inacheza. Paka povu la sabuni kwenye kila unganiko pampu ikiwa inafanya kazi: panapovuta, povu litazama ndani. Dawa ni tepu nyeupe ya nyuzi, au valvu ya chini ya bomba la kisimani, vitu vya bei ndogo mno ukilinganisha na pampu mpya ambayo fundi mwenye haraka atakushauri. Pampu mpya ikifungwa kwenye bomba lilelile itavuta hewa ileile.

Sauti ikiwa ya changarawe ndani ya pampu na maunganiko yote yamekaza, tazama kina. Pampu ya juu ya ardhi haivuti maji, inategemea hewa ya nje kuyasukuma, na mwisho wake ni mita 10.3 kwa hesabu na kama mita 7 kwa hali halisi. Ukiilazimisha zaidi, maji yenyewe yanageuka mvuke ndani yake, viputo vinapasuka kwenye mapanga na kuyala. Hapo hakuna tepu wala valvu. Ni kununua pampu ya kuzamisha, na kila mwezi unaoahirisha unaulipia kwa mapanga. Kifaa cha kuizima pampu maji yakikosekana ni nyongeza ambayo ningelipia bila kujadili bei.

Kufunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, kama wengi wanavyofanya usiku, ndilo chaguo baya kuliko yote. Mamlaka za maji hulikataza, linamnyang'anya jirani, linavuta uchafu kwenye nyufa, na juu ya yote linavuta hewa kupitia mita yako kwa kasi. Unalipa umeme ili uhesabiwe upepo.

Kabla fundi hajaondoka

Usimlipe kwa siku, mlipe kwa matokeo, na mwafikiane matokeo ni nini kabla hajafungua begi. Mwambie achore kwa mkono njia ya bomba na aweke alama kwenye vilele vyote. Asiyeweza kuchora hajui anachokwenda kutoboa. Mwambie anunue vifaa mbele yako au akuletee risiti, kwa kuwa valvu ya kutoa hewa na valvu ya kuzuia kurudi hufanana kwa asiyezijua na bei zake hazifanani. Akimaliza, tangi limwagwe hadi karibu na mdomo wa kutokea, lijazwe tena, kisha ifunguliwe koki ya juu kabisa na ya mbali kabisa kwa pamoja. Zikitiririka dakika tano bila kukohoa, mpe hela yake. Zikikohoa, hewa bado ina mlango, na mlango huo ni wake kuutafuta.